Kuzeeka kwa betri ya drili: maana yake na kinachokuharakisha

Fundi alumini akisema "betri hii haitunzi chaji," huwa anazungumzia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba betri inaisha mapema: zamani ilimaliza madirisha ya nyumba nzima, sasa inaishia sebuleni. La pili ni kwamba taa zote nne za kuonyesha chaji zinawaka, lakini skrubu ikikutana na chuma kigumu drili inakata. Ukiachia kitufe na kubonyeza tena inazunguka kidogo, kisha inakata tena. Yote mawili ni kuzeeka kwa betri.

Kuzeeka huku ni kupungua kwa uwezo wa betri wa kubeba umeme na wa kuutoa kwa kasi, kidogo kidogo, kila siku tangu inatoka kiwandani. Betri iliyoishiwa chaji unaichomeka na inarudi. Iliyozeeka hairudi, hata ukiilaza kwenye chaja wiki nzima.

Tuifungue kwanza tuone kinachozeeka. Ndani ya betri ya volti 18 mna seli za duara, na ukubwa uliozoeleka ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Seli moja ya lithiamu-ioni ina wastani wa volti 3.6, hivyo 5 zikiungwa kwa kufuatana zinatoa volti 18. Seli hiyohiyo ikijaa kabisa inafika volti 4.2, kwa hiyo betri nzima ikitoka kwenye chaja inasoma karibu volti 21. Kampuni moja ikiandika 18V na nyingine 20V, mara nyingi wote wameweka seli 5 zilezile. Betri ya Ah 2 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo, yaani umeme ambao betri inaweza kubeba) huwa na seli 5 tu. Ya Ah 4 au 5 kwa kawaida ina seli 10, mbili mbili zikiwa zimeungwa sambamba. Kuhusu zile drili za bei poa zilizoandikwa 48VF, 98VF na kuendelea, hiyo "VF" si kipimo cha umeme cha aina yoyote. Ziguse na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: nyingi zinasoma volti 20 na kitu, kama wenzake wote wenye seli 5.

Unapochaji, chembe za lithiamu huhama kutoka upande chanya wa seli na kujipenyeza katika tabaka za grafaiti upande hasi. Ukibonyeza drili zinarudi zilikotoka. Kuhama huko hakuna hasara kubwa. Shida iko juu ya ile grafaiti, ambapo tangu chaji ya kwanza kiwandani hujengeka utando mwembamba unaotokana na kimiminika cha ndani kumenyuka. Utando huo lazima uwepo, kwa sababu ndio unaozuia kimiminika kuendelea kuharibika. Ila hauachi kukua. Kila unapoongezeka unameza lithiamu kidogo ambayo haitahama tena, na hapo ndipo ujazo unapopungua. Na kadiri unavyonenepa chembe zinapita kwa taabu zaidi, yaani ukinzani wa ndani unapanda. Hapo ndipo drili inapokata ikibanwa ingawa taa zinasema betri imejaa.

Utando unakua betri ikifanya kazi, na unakua betri ikiwa imelala kabatini. Kwa hiyo betri ina kuzeeka kwa aina mbili, kwa kazi na kwa kalenda, na watu wengi wanaijua ile ya kwanza tu.

Kuzeeka kwa kazi hupimwa kwa mizunguko ya chaji. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya ujazo mzima. Kuchomeka mara moja hakuhesabiwi kuwa mzunguko. Ukitumia nusu, ukachaji, ukatumia nusu nyingine, umefanya mzunguko mmoja. Makadirio ya kawaida kwa seli hizi ni mizunguko 300 hadi 500 kabla ujazo haujashuka mpaka asilimia 80 ya ule wa mwanzo, na seli inayotumiwa nusu nusu hudumu kuliko inayokamuliwa mpaka tone la mwisho kila siku. Basi fundi anayesubiri betri iishe kabisa ndipo aichaji, akidhani anaitunza, anaichosha bila faida.

Ushauri huo wa kusubiri iishe lakini hakuutunga yeye. Ulikuwa sahihi kwa betri za zamani. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, na kwa miongo iliyofuata vifaa hivi vilitumia seli za nikeli-kadimi zenye volti 1.2 kila moja, hata ikahitajika kupanga seli 15 kupata volti 18. Hizo zilikuwa na tabia ya kukariri: ukizichaji kabla hazijaisha, tena na tena mahali palepale, zinaanza kulegea zikifika hapo. Chaja zake nyingi zilikuwa za polepole, ndiyo maana watu waliambiwa wailaze betri mpya kwenye chaja usiku kucha. Kisha Milwaukee wakaleta vifaa vya lithiamu-ioni mwaka 2005, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku nikeli-kadimi kwenye vifaa vya aina hii kuanzia mwisho wa 2016. Betri zimebadilika, ushauri umebaki saiti ukirithishwa kwa wasaidizi wapya. Lithiamu-ioni haikariri kitu. Ichaji ikiwa robo, ichaji ikiwa nusu, haijali.

Inachojali ni joto.

Mmenyuko wowote wa kikemikali huenda kasi ukipashwa moto, na kanuni ya haraka inayotumiwa na wengi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zikiongezeka kasi hukaribia mara mbili. Utando tuliousema hauna msamaha hapo. Sasa fikiria betri inavyoishi kwetu. Inapanda Noah asubuhi, inaachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani ambako nyuzi 60 hupitwa bila shida. Fundi jipsam anaipandisha juu ya dari, chini ya bati, saa saba mchana. Ikitoka hapo imewekwa kwenye grainda dakika kumi ikakata vyuma, ikashuka ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika vizuri, na palepale inachomekwa kwenye chaja. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana kuchaji nako kunazalisha joto, na seli inayojaa ikiwa ya moto inazeeka kuliko inayofanya kazi ikiwa ya moto.

Chaja za maana zinalijua hili. Zina waya mdogo wa kupima joto la betri, na betri ikiwa ya moto zinawasha taa ya kusubiri na kukataa kuanza. Wengi wakiiona taa hiyo wanaichomoa betri na kuichomeka tena, mara tatu, mara nne, kama wanaobishana nayo. Iache. Iweke kivulini kwenye sakafu ya saruji au mbele ya feni mpaka ukiishika kiganjani huhisi joto, ndipo uchaji. Friji usiitumie kupoza betri ya moto: unyevu unaganda juu ya saketi na vituo vya chuma, na utakuwa umeongeza tatizo lingine. Kwa anayefanya kazi kutwa, dawa ni betri mbili au tatu za kupokezana. Ni gharama, najua, lakini betri tatu zinazopumzika hutumika muda mrefu zaidi kuliko betri tatu ulizonunua moja baada ya nyingine kwa kuziunguza.

Baridi haina hatari hiyo ikiwa betri imehifadhiwa tu. Hatari yake iko kwenye kuchaji chini ya nyuzi 0, ambako lithiamu inashindwa kuingia kwenye grafaiti na kujiganda juu yake kama chuma. Hilo linamhusu ndugu aliyeko Canada na gereji isiyo na hita kuliko mtu wa Temeke.

Kuna na suala la kiasi cha chaji betri inapokaa. Seli iliyojaa iko katika hali ya mkazo, na kimiminika chake humenyuka zaidi. Iliyobaki na nusu hivi imetulia. Ukiweka seli yenye nusu ya chaji mahali penye nyuzi 25, baada ya mwaka imepoteza asilimia chache tu za ujazo. Iliyojaa ikikaa kwenye nyuzi 40 muda huohuo inaweza kupoteza robo au zaidi, bila kufunga skrubu hata moja. Huyo ndiye mwenye nyumba aliyenunua drili ya kutundikia picha, akaichaji mpaka mwisho, akaifungia kwenye stoo ya bati, na sasa analalamika kwamba ameitumia mara chache na imekufa. Imekufa kwa kalenda.

Kwa mtu wa namna hiyo, betri ikae na taa mbili kati ya nne, ndani ya nyumba, nje ya mashine, na iangaliwe kila baada ya miezi michache. Mwenye multimita asome: betri ya seli 5 ikiwa imepumzika, volti 21 imejaa, 18.5 iko katikati, 15 imeisha. Fundi wa kila siku asijisumbue na mahesabu hayo. Aichaji mpaka ijae asubuhi aende kazini, kwa sababu yeye ataimaliza mizunguko kabla kalenda haijamfikia. Asichofanya ni kuiacha kwenye chaja kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, hasa kama ni ile chaja ya pini nyembamba inayofanana na ya redio, ambayo haipimi joto wala haijui betri imejaa.

Upande wa pili, kuisha kabisa, ni mbaya zaidi kuliko kujaa, na huua haraka. Saketi ya betri au ya drili hukata umeme seli zikishuka kati ya volti 3 na 2.5. Ukiachia, volti inapanda kidogo yenyewe, na ndiyo maana drili iliyokata inakubali kuzunguka tena sekunde mbili. Usiiombe skrubu moja ya mwisho. Baya zaidi ni kuitupa kwenye boksi ikiwa katika hali hiyo na kuisahau msimu mzima wa mvua. Saketi ya ndani inaendelea kula umeme kidogo, seli zinashuka chini ya volti 2, na shaba ya upande hasi inaanza kuyeyuka kwenye kimiminika. Ukija kuichaji, shaba hiyo inaganda mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha pande mbili kwa ndani. Chaja inapoikataa betri kama hiyo ina sababu. Mafundi wana namna ya "kuishtua" kwa kuunga waya kutoka betri nzima ili chaja idanganyike. Kwa betri iliyoshuka wiki iliyopita huenda ikaamka. Kwa iliyokaa miezi, mimi singeifanya ndani ya nyumba wanamolala watu.

Mzigo nao unazeesha, na hapa kuna hesabu inayofaa kujulikana kabla ya kununua. Joto ndani ya seli hufuata mraba wa mkondo. Grainda ikidai ampea 30 kwenye betri ya seli 5, kila seli inabeba zote 30. Kwenye betri ya seli 10 kila moja inabeba 15, na joto lake linashuka hadi robo. Kwa hiyo betri kubwa ya Ah 5 kwenye grainda au msumeno inakaa muda mrefu na pia inazeeka polepole. Ile ndogo ya Ah 2 iachie skrubu za jipsam na kazi za juu ya ngazi, ambako uzito wake mdogo ni neema.

Ukitaka kujua betri imezeeka kwa namna gani, ijaze, iache ipoe, kisha toboa mbao nene huku ukiangalia taa. Taa zikiporomoka kutoka nne hadi moja, halafu zikarudi ulipoachia, ukinzani wa ndani umepanda. Betri hiyo bado itawasha tochi au redio ya saiti na kufunga skrubu nyepesi kwa muda mrefu. Zikishuka taratibu lakini mapema kuliko zamani, ujazo ndio uliopungua. Na ikiwa seli moja tu kati ya 5 inasoma volti pungufu kuliko wenzake, betri nzima itafuata udhaifu wa hiyo moja.

Jaribio hilohilo lifanye kabla ya kulipia betri ya mtumba iliyokuja na kontena, maana imesafiri baharini ndani ya chuma chenye joto na huenda ilikuwa imejaa. Soma pia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye mfuniko, kwani betri "mpya" ya miaka minne dukani si mpya. Anayebeba vifaa kwa ndege kutoka Dubai au Muscat azidishe volti kwa Ah kabla hajanunua, apate wati-saa, ambazo ndizo zenye kikomo kwenye ndege. Betri za akiba huenda kwenye mkoba wa mkononi, hazishuki kwenye mizigo ya chini. Ya 18V na Ah 5 ni wati-saa 90, iko ndani ya kikomo cha 100. Ya Ah 6 ni 108, hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege. Ya Ah 9 ni 162, na kikomo cha juu kabisa kwa abiria ni 160.