Kokoto za Dodoma na Zama za Bakteria

Ukipita penye wagonga kokoto hapa Dodoma, okota kipande kilichopasuliwa sasa hivi, kabla vumbi halijakifunika. Chembe nyeupe au za waridi ni feldispa. Zile zinazong'aa bila rangi ni kwatzi, na vigamba vyeusi unavyoweza kuvibandua kwa ukucha ni ulanga mweusi. Hiyo ndiyo graniti. Sehemu kubwa ya miamba ya katikati ya Tanzania ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani ni ya enzi ya Akea. Dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, ambao hatuachi kujisifia, wana miaka milioni 150 hivi. Wa juzi tu.

Umri huo tunausoma kwenye zirkoni, vijipunje vya madini vilivyomo ndani ya graniti. Vina urani, na urani 238 hugeuka kuwa madini ya risasi polepole mno: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47.

Swali ninaloulizwa kila mara: mbona hakuna visukuku? Kwanza, graniti ilitokana na mawe yaliyoyeyuka, yakapoa kilometa kadhaa chini ya ardhi. Huko hakuna kiumbe wa kuzikwa. Pili, hata huko juu hapakuwa na mifupa, majani wala konokono. Walikuwapo vijidudu wa seli moja majini, na hewa haikuwa na oksijeni ya kuvuta.

Vijidudu hao waliacha alama mahali pengine. Pilbara, Australia magharibi, kuna stromatolaiti, mawe ya matabaka yaliyojengwa na bakteria, za miaka takriban bilioni 3.4: utando wa bakteria hunasa mchanga, tabaka linafunikwa, bakteria wanapanda juu na kuanza upya. Shark Bay, hukohuko Australia, kazi hiyo inaendelea hadi leo.

Baadaye sayanobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua, walianza kutoa oksijeni. Ilikutana na chuma kilichoyeyuka baharini, chuma kikashika kutu na kutuama chini. Miamba ya chuma yenye mistari ya enzi hiyo tunayo Geita, ingawa si lazima kila mstari uwe kazi ya oksijeni. Baadaye maji ya moto yenye dhahabu yalipopenya humo, salfa yake ilishikana na chuma, dhahabu ikabaki mwambani. Ndiyo inayochimbwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta dalili za zama hizo asiupigie nyundo Mlima Simba wa hapa Dodoma. Apande basi la Geita.