Mtoto akirudi kucheza hajasahau
Misibani Dar, iwe Manzese au Mbagala, hutakosa kusikia: "Watoto hawajui msiba, huyu kesho ameshasahau." Kisa wamemwona nyuma ya turubai anacheza kombolela, na rafiki yake kazikwa jana. Si kweli. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka: analia, anacheza, halafu usiku anauliza, "Kule kaburini hasikii baridi?" Wengi walio chini ya miaka 5 hudhani aliyekufa atarudi, kati ya 5 na 7 ndipo wengi huanza kuelewa kwamba harudi. Kwa hiyo ukimwambia "amesafiri" (watu wazima tunalipenda mno neno hili) unamwacha akisubiri. Huzuni hiyo humrudia akikua. Siku ya matokeo ya darasa la saba, jina analolitafuta si lake tu.