Supaglu haiponyi ufa wa plastiki ya gari

Gari la zamani likishalala juani miaka pale Kirumba au Buzuruga, Mwanza, plastiki za milango na dashibodi hukakamaa, zikapasuka. Wengi huamini tone la supaglu linamaliza kazi. Halimalizi. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, wakati plastiki inatanuka kwa joto la mchana na kutikisika barabarani. Gundi inakatika palepale. Kwenye plastiki ya PP (polipropilini) ndiyo haishiki vizuri tangu mwanzo.

Fungua kipande, soma alama ya aina ya plastiki iliyoandikwa mgongoni: >PP< au >ABS<. Nyufa nyingi huanzia kwenye tundu la skrubu au shina la klipu, kwa hiyo pinda hapo taratibu: ABS iliyochoka huonyesha mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Kama kipande kinalia tu safarini, mulika tochi ya simu kwa nyuma uone kama mwanga unapenya kwenye ufa.

Toboa tundu la milimita 2 ufa unapoishia. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na ufa unaendelea na safari yake. Safisha mgongo kwa spiriti, kisha kwa kichomeleo cha risasi cha mafundi redio zamisha wavu mwembamba wa chuma kukatiza ufa, ufunike kwa plastiki ya aina ileile iliyoyeyushwa. Usizamishe kupita nusu ya unene wa plastiki, la sivyo mbele kutatokea doa linalong'aa. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya.

ABS ina njia nyepesi: loweka vipande vyake kwenye asetoni hadi viwe uji mzito, paka, acha saa 24. PP haiyeyuki humo.

Kifuniko cha eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) usikichomelee kabisa. Badilisha.