Chakula cha Peru: dhana potofu na ukweli wa jikoni

Dhana: Ndimu huivisha samaki wa ceviche, yaani samaki mbichi aliyekatwa vipande na kutiwa ndimu, kwa hiyo vijidudu vyote hufa.

Ukweli: Asidi ya ndimu hubadilisha protini ya samaki, ndiyo maana minofu hukaza na kuwa myeupe kama iliyochemshwa. Kuiva kwa moto ni jambo jingine. Bakteria wengi hubaki hai, na mabuu ya minyoo ya Anisakis, ambayo huishi ndani ya samaki wa baharini, hayaogopi ndimu. Yanachoogopa ni baridi kali: mgandishe samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza nyingi za nyumbani hazifikii baridi hiyo, basi tumia kipimajoto. Bakteria wengi nao hawafi kwa kugandishwa, hivyo samaki aliyeanza kunuka hana dawa.

Dhana: Ukimloweka samaki kwenye ndimu usiku kucha ndipo anapokolea.

Ukweli: Zamani ilikuwa kawaida kumwacha saa kadhaa. Siku hizi jijini Lima, mji mkuu wa Peru, dakika 5 hadi 10 zinatosha, na hivyo ndivyo anavyokuwa mtamu zaidi. Chukua nusu kilo ya minofu myeupe iliyo imara, kata vipande vya sentimita 2, tia chumvi kwanza na uache dakika 2. Ongeza pilipili iliyokatwakatwa, giligilani, na kitunguu chekundu kilichokatwa nyembamba kikaoshwa kwa maji baridi. Mwisho mimina maji ya ndimu 12 hadi 15. Zikamue kwa mkono bila kuziminya hadi mwisho, kwa kuwa ganda likibanwa sana hutoa uchungu unaoharibu bakuli zima. Vipande viwili vya barafu hupoza mchuzi. Vitoe kabla havijayeyuka. Samaki akikaa mno hukauka na kumeguka kama chaki. Kiazi kitamu cha kuchemsha na mahindi pembeni si mapambo: utamu wake ndio unaotuliza ukali wa ndimu.

Dhana: Viazi mviringo vilitoka Ulaya.

Ukweli: Jina letu la “viazi vya Ulaya” limechangia kosa hili. Vilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika milima ya Andes ya Amerika Kusini, karibu na Ziwa Titicaca, na Wahispania ndio waliovipeleka Ulaya katika karne ya 16. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, makao yake makuu yako Lima, na kina ofisi Nairobi.

Dhana: Chuño, vile viazi vyeusi vilivyosinyaa, ni viazi vilivyooza.

Ukweli: Ni akiba inayokaa miaka bila friji, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi ya ustadi mkubwa kuliko zote za Andes. Mwezi Juni na Julai, viazi vidogo hutandazwa nyanda za juu usiku wa jalidi, yaani umande unaoganda. Vitandazwe safu moja tu. Vikirundikwa, vya katikati havigandi, na hivyo ndivyo vinavyooza. Jua la mchana huviyeyusha. Baada ya usiku kadhaa hukanyagwa kwa miguu ili maji na maganda yatoke, kisha huanikwa hadi vikauke kabisa. Aina nyeupe, tunta, hulowekwa mtoni kwa wiki kadhaa kabla ya kuanikwa, na maji huondoa sumu chungu ya viazi vya milimani. Kabla ya kupika, loweka usiku kucha, badilisha maji, kamua, kisha chemsha.

Dhana: Chakula cha Peru huunguza mdomo.

Ukweli: Ají amarillo, pilipili ya manjano ya Peru, ni kali, lakini hutumika kwa ajili ya harufu na rangi yake. Toa mbegu na utando mweupe wa ndani, maana ukali mwingi umo humo. Chemsha mara tatu ukibadilisha maji, menya, saga na mafuta kidogo.

Dhana: Chakula cha Peru ni mapishi ya Wainka peke yao, wale waliotawala Andes kabla ya Wahispania.

Ukweli: Vibarua Wachina walianza kuwasili mwaka 1849, wakaleta sosi ya soya na ukaangaji wa haraka. Ndipo ikatoka lomo saltado: nyama ya ng’ombe, vitunguu, nyanya na chipsi, pamoja na wali. Kaanga nyama kidogo kidogo kwenye karai lenye moto mkali. Ukiijaza, karai hupoa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Chipsi zikaangwe kando, ziingie mwisho kabisa, la sivyo hulainika kwenye mchuzi.