Uchoraji wa nukta ni nini, na mtoto afundishweje?

Uchoraji wa nukta ni mtindo wa wenyeji asilia wa jangwa la katikati ya Australia. Mchoraji huzungushia alama zake vidoa vya rangi, kimoja kimoja, mpaka turubai lijae. Wengi hudhani nukta ndiyo sanaa yenyewe. Sivyo. Uzito uko kwenye alama, na alama husimulia habari za mahali.

Tangu kale alama hizo zilichorwa mchangani, miambani na kwenye miili ya watu wakati wa ibada. Ili uzisome, tazama kama ndege aliye juu. Mtu akiketi mchangani kisha akainuka, huacha umbo la herufi U. Basi U ni mtu. Duara ndani ya duara ni kambi, moto au kisima. U nne zikizunguka duara, hao ni watu wanne waliouzunguka moto.

Mwaka 1971, huko Papunya, kijiji cha jangwa hilo, mwalimu Geoffrey Bardon aliwahimiza wanafunzi wachore kwa mtindo wa kwao. Wazee wakajitokeza, wakachora ukutani mwa shule hadithi ya sisimizi wa asali, yaani sisimizi wanaohifadhi utamu tumboni. Mwaka 1972 wachoraji wakaunda kampuni yao, Papunya Tula. Picha zilipoanza kununuliwa na wageni, nukta zilisaidia kuficha mambo matakatifu yasiyopaswa kuonwa na kila mtu.

Ndiyo maana namsihi mwalimu asiwape watoto picha ya Papunya wainakili. Hadithi zile zina wenyewe, na hata kwao mtu huchora ile aliyo na haki nayo. Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliwapa ushindi wasanii ambao michoro yao ilitiwa kwenye mazulia bila ruhusa.

Mweleze mtoto hayo kwanza, kisha muulize: leo asubuhi ulipita wapi? Achore njia yake kama inavyoonekana kutoka juu: nyumbani, bombani, kwenye mwembe, shuleni. Alama azibuni mwenyewe. Halafu mpe kijiti cha pamba ya masikio na rangi nzito kidogo. Kijiti kisimame wima, kiguse karatasi na kuinuka. Akikiburuta, nukta inaota mkia. Achovye tena kila baada ya nukta tatu nne. Picha ikikauka, aisimulie mbele ya wenzake kabla haijabandikwa ukutani.