Kuswaga sungura wavuni maana yake nini?

Siku hizi tukisikia msako tunafikiria polisi, lakini hilo ni neno la wawindaji pia: watu na mbwa wanatia fujo upande mmoja, wenzao wanangoja kimya upande wa pili. Kuswaga sungura wavuni ni msako wa namna hiyo. Mbwa hatumwi kukamata. Anatumwa kumtoa sungura alipo na kumwelekeza, wavu ndio unaokamata.

Yote yanategemea sungura akishtuka anakimbilia wapi. Na hapa Lubumbashi jina sungura tunalipa wanyama wawili. Yuko lapen wa kizimbani, ambaye asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na yuko wa porini, kalulu wa hadithi. Lapen ni mchimbaji. Wa jirani yangu wa Katuba walivunja kizimba usiku mmoja. Asubuhi tuliwakuta hawajafika hata barabarani, wamechimba chini ya ukuta wa jiko, masikio tu yanaonekana. Watoto wao huzaliwa uchi na vipofu, kwa hiyo shimo ni lazima. Kalulu hana shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye nyasi alizozibonyeza kwa mwili wake, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi.

Lapen mwitu wa Ulaya hutoka usiku kula majani shambani, mbali kidogo na mashimo yake. Wawindaji hunyemelea gizani na kusimamisha wavu mrefu katikati ya shamba na mashimo. Upepo uwe unatoka shambani, la sivyo sungura watanusa watu kabla kazi haijaanza. Kisha mbwa anaachiwa ng'ambo ya pili. Sungura wanakimbia nyumbani, njia wanayoijua hata bila mwanga, na wavu uko hapo hapo. Wavu usikazwe sana: uliokazwa humrudisha sungura kama mpira, uliolegea humzungusha.

Wakiwa ndani ya mashimo, mbwa hana la kufanya. Hapo anaingizwa fureti, mnyama mwembamba wa ukoo wa kicheche, na kila mdomo wa shimo unafunikwa kiwavu chenye kamba inayojifunga kama mfuko, kamba yenyewe imefungwa kwenye kigingi. Shida ni fureti akimuua sungura humo humo, akashiba, akalala. Mwenye fureti atachimba mpaka achoke. Kazi hii ni ya zamani: mwandishi Pliny wa Roma aliiandika katika karne ya 1. Kitenzi cha Kifaransa fureter, kupekuapekua, kimetoka kwa mnyama huyo.

Kwa kalulu, fureti ni bure kabisa, na hata wavu una mashaka, kwa sababu hana nyumba ya kurudia. Anakata kona, anapita pembeni. Inabidi watu wengi wamzingire.

Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri, ndio mabingwa wa kuzingira, ingawa wao humtafuta zaidi mboloko, swala mdogo wa msituni. Nyavu za familia mbalimbali huunganishwa nusu duara, wanawake na watoto wanaswaga kwa kelele. Mbwa wa Kongo, basenji, habweki kama mbwa wengine, basi wawindaji humvalisha njuga ya mti shingoni. Ikisikika inakaribia, aliye nyuma ya wavu anajikunyata na kushika mkuki.