Gia ya tano haiongezi mbio
Uingereza, wanaojiundia magari ya mtindo wa Lotus Seven (gari dogo, jepesi la michezo) hupenda kung'oa giaboksi ya Ford ya gia nne, mfano 2000E, na kufunga Type 9 ya gia tano iliyotoka kwenye Ford Sierra. Wengi hudhani gari litakimbia zaidi. Wapi! Gia ya nne ni 1:1 kwenye zote mbili, yaani injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka giaboksi nayo huzunguka mara moja. Ya tano, ambapo injini huzunguka mara 0.82 tu kwa kila mzunguko wa shafti, inapumzisha injini tu: mizunguko 4,000 kwa dakika inashuka hadi 3,280 kwa mwendo uleule. Masikio yatashukuru, ila mlimani utarudi ya nne. Kinachobadilika kweli ni gia ya kwanza: 3.65 badala ya 2.97. Gia hiyo fupi inaisha upesi; kwa gari jepesi hivyo, hujakaa sawa unatafuta ya pili. Type 9 pia ni ndefu zaidi, kwa hiyo propela shafti, inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, itabidi ikatwe.